Harufu ya Tosti Mchana wa Ramadhani

Mkate wa jana ukiwekwa juu ya makaa haunukii papo hapo. Kwanza hukaa kimya, kisha hunukia ukingoni, halafu katikati, na ukichelewa kuugeuza hutoa ule ukali wa kuungua unaokaba koo. Nimekulia ndani ya harufu hiyo. Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho tuktuk ikipita watu huingia milangoni kuipisha, na madirisha ya ghorofani yalikaribiana na ya jirani hata vitunguu vya upande ule vikatutoa machozi sisi wa upande huu. Siri ya jikoni haikuwezekana katika nyumba kama zile. Juu kabisa, kwenye ua mdogo ulio wazi, bibi yangu mzaa baba aliketi na jiko lake la makaa, na kila alasiri alifanya kazi aliyoiita kuamsha mkate.

Kwa bibi, mkate haukuwa kitu cha kutupwa. Kipande kikianguka alikiokota, akakipuliza na kukibusu, na kama hakiliki tena alikiweka juu ya ukuta kwa ajili ya ndege, mahali pasipokanyagwa na mtu. Mabaki ya mezani, yawe boflo, ncha za mkate wa mofa au ubavu wa mkate wa sinia, aliyafunga katika kitambaa cheupe na kuyatia kidakani, ile nafasi ya ukutani ambayo wenzetu walipangia sahani za kichina na sisi tulihifadhia mkate mkavu. Alasiri aliyafungua, akayanyunyizia maji kwa ncha za vidole, akayapanga juu ya wavu wa waya na kuyageuza kwa mkono mtupu. Kisha huja samli na sukari kidogo. Samli ikikosekana, tosti ilibebeshwa maharagwe ya nazi yaliyolala, au rojo ya viazi ya jana, na ikashuka vizuri kuliko ilivyokuwa jana yenyewe. Nikirudi kutoka chuo cha Kurani na juzuu kwapani nilikaa mbele yake nikimeza mate. Nikinyoosha mkono alinipiga kofi jepesi na kusema, "Bado." Macho yake yalikuwa hafifu, lakini pua yake haikudanganyika.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tano. Kabla mfungo haujaandama, pua ya bibi ilikuwa imeanza kukosea. Mkate uliungua naye ameketi pale pale, akiutazama. Akaanza kumwita mama yangu Rukia, jina la dada yake mwenyewe bibi, aliyefariki zamani. Mara ya kwanza mama alicheka, akaitika kwa utani, "Labeka, dada." Mara ya pili hakucheka. Baba hakuona kitu, au alikuwa hataki kuona, maana mtu aliyeshinda bandarini Kilindini akikimbizana na makontena hurudi nyumbani akiwa na haja ya mama aliye mzima.

Ramadhani ikaingia, na mchana mmoja, baada ya adhuhuri, wakati kichochoro kizima kimelala kwa njaa na joto, nikasikia harufu ya tosti. Nilidhani ni saumu inanichezea. Mama aliinuka kitandani kwa kishindo, akanikuta mlangoni na kunipiga kofi la shavu kabla sijafungua mdomo. Alidhani ni mimi. Kisha akatazama ngazi za kwenda juu, uso ukambadilika, na sote wawili tukapanda mbio.

Bibi alikuwa ameketi mbele ya makaa mekundu, mkate umepangika sawasawa kwenye wavu, na ukoko mdomoni.

"Mama, wafanya nini? Ni Ramadhani!"

"Watoto warudi chuoni na ndaa, Rukia," bibi akamjibu kwa upole. "Hebu nishikia hino sahani."

Hapo ndipo dirisha la nyumba ya pili likafunguka. Bi Zuhura, jirani yetu, alikuwa mwanamke mwema kwa mambo mengi, lakini sauti yake haikujua kunong'ona. "Mama Mwana!" akamwita mama. "Kwenu kuna mgonjwa, au kuna asofunga?"

Nataka nieleze vizuri jambo hili, kwa sababu lilinichukua miaka kulielewa. Mzee aliyepotewa na akili hana lawama asipofunga. Hilo tulifundishwa chuoni hata sisi wadogo. Mama angeweza kulitoa jibu hilo dirishani na mambo yakaisha. Lakini angelazimika kutangazia kichochoro kwamba mama mkwe wake, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa pale na kuwafunda harusini, hajui tena mwezi aliomo. Mama akamtazama bibi, akatazama dirisha. Akafunga kanga yake vizuri.

"Ni mimi, Bi Zuhura," akasema. "Nina udhuru."

Sikujua udhuru ni nini. Niliona tu Bi Zuhura akirudisha kichwa ndani kwa haya, maana mwanamke akiwa katika siku zake hula kwa kujificha, hachomi mkate kichochoro kikanukia. Mama alikuwa amejivunjia heshima kwa sentensi moja, na akashuka ngazi kama aliyetoka kuanika nguo.

Kosa la uongo ule ni kwamba udhuru una mwisho. Wanawake wa kichochoroni hawakuhitaji kalenda. Tosti ilipofukiza tena wiki ya pili, walinyamaza. Iliporudi kumi la mwisho, siku ambazo hata wavivu wa kufunga hujikaza, hawakunyamaza tena. Kwenye sala ya tarawehe nililala mkekani kando ya mama nikaona mikeka ikisogezwa kidogo kidogo, mpaka pembeni yetu pakabaki sakafu tupu. Mama aliswali macho makavu. Nilitamani asimame awaambie. Nilimchukia Bi Zuhura, nikawachukia na wenziwe, na nikamchukia kidogo mama kwa kukaa kimya vile.

Maneno yalimfikia baba barazani, yakiwa yamevikwa nguo za utani. Alirudi amefura, akataka kumhoji mama, na wakati huo huo moshi ukashuka kutoka juu. Safari hii kitambaa cheupe kilikuwa kimeshika moto, na ndimi zake zilikuwa hatua chache kutoka kwenye boriti za paa, zilizokauka kwa uzee. Baba alikizima kwa miguu. Akamtazama mama yake akiwa anapanga mkate kana kwamba hakuna kilichotokea, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona. Jioni hiyo alimpigia simu ami Salimu, nduguye wa Kisauni mwenye nyumba ya matofali na jiko la gesi. Wakakubaliana kwamba baada ya Idi bibi atakwenda kukaa huko.

Mama alimsihi. "Hapa ajua kila ukuta," alimwambia. "Huko atapotea mara mbili." Baba alisema nyumba ikiwaka itawaka na watoto. Makaa yakafungiwa stoo. Siku zilizobaki za mfungo, bibi aliketi mbele ya jiko baridi na kupanga mkate mkavu juu ya wavu. Nilikaa naye. Aliunyunyizia maji, akaugeuza, akauinamia na kuunusa, kisha akanitazama kwa mashaka kama fundi aliyeharibikiwa na kazi mikononi.

"Bado," akaniambia.

Nikamwitikia, "Bado, bibi." Sijawahi kuwa na huzuni kubwa kuliko ile, na nimezika watu tangu hapo.

Aliondoka Idi ilipokwisha, katika gari la ami Salimu, akiwa amevaa buibui jipya na amekumbatia wavu wake uliofungwa kwa gazeti. Kisauni alikaa karibu na mlango akiulizia ngazi za kwenda juu. Hakumaliza mwaka. Matangani Bi Zuhura alilia kuliko sote, kwa kuwa ndipo alipoambiwa ukweli. "Mbona hukunambia, dada yangu?" akamuuliza mama akiwa amemshika mikono. Mama alimjibu taratibu, "Ungemwita mwendawazimu, jina ambalo si lake." Wakaja kuwa marafiki baadaye, lakini mama hakurudi kuswali tarawehe kwenye mkeka wa mtu.

Siku hizi ninaishi Makupa, ghorofa ya tatu, malori yakipita chini mchana kutwa. Mkate hapa huja umekatwa, ndani ya mfuko wa plastiki, na ukianza kukauka kuna mashine ya umeme ya kuuchoma inayourusha yenyewe ikimaliza, hata pua haina kazi. Hakuna kidaka. Wakati wa Ramadhani, jirani wa mlango wa pili, mtu wa bara, hukaanga nyama saa saba mchana na hakuna anayetoa kichwa kuuliza. Nilidhani nimehama mbali na ile harufu. Mama anakaa nami tangu baba afariki. Kaka yangu Athumani anataka kumhamishia kwake Nairobi, kwa sababu mara mbili amesahau gesi wazi; ameniambia akisikia habari nyingine ya moto atakuja na gari, na hatabishana nami. Ana hoja, kama baba alivyokuwa na hoja.

Mfungo uliopita, siku ambayo Athumani alikuwa aje kufuturu kwetu, niliamshwa mchana na moshi. Mama alikuwa jikoni. Mashine ya kuchomea mkate hakuigusa. Alikuwa ameweka wavu wa bibi, ule ule uliorudishwa kutoka Kisauni, juu ya moto wa gesi, na vipande vya mkate wa jana vilikuwa vyeusi. Nilizima gesi. Alinigeukia, akanitazama usoni kwa mapenzi ambayo hayakuwa yangu.

"Mama," akaniita. "Funga dirisha, Zuhura asisikie." Akanishika mkono na kuteremsha sauti. "Usiogope. Wakiuliza ntasema ni mimi."

Nililifunga dirisha, ingawa huku hakuna Zuhura. Nikamkalisha, nikamfuta masizi vidoleni, na tukakaa pale mpaka adhana, yeye akiwa mkaza mwana na mimi nikiwa mkwewe. Nilikuwa nikiogopa sana. Athumani alipoingia hakufika hata kwenye kochi. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi na kumtazama mama, kisha mimi.

"Nani ameunguza mkate?"

"Ni mimi," nikamjibu.