Flashi Iliyobeba Siri za Mzee

Wiki moja kabla sijaibiwa kompyuta, chuo kilitupeleka kwenye kozi ya lazima ya usalama wa kompyuta. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu, nikikusanya simulizi za watu wa Afrika Mashariki waliokimbilia Stockholm zamani. Mwisho wa kozi kila mtu alipewa waya wa chuma wenye kufuli, wa kufungia kompyuta mezani. Nilifurahi kama niliyepewa mlinzi wangu binafsi. Jumanne iliyofuata niliufunga kwenye mguu wa meza ya maktaba, nikauvuta mara mbili kuhakikisha, nikaenda kununua kahawa roho kwatu.

Niliporudi, meza ilikuwepo, kiti kilikuwepo, hata koti langu lilikuwepo. Kompyuta haikuwepo. Mlinzi alikuja, akachuchumaa, akautazama ule mguu.

"Ameinua meza," akasema, kisha akaiinua kwa mkono mmoja ili nione.

Fundi wa kompyuta alinipoza. Diski ilikuwa imefungwa kwa nenosiri tangu nilipokabidhiwa. Mwizi hangeona kitu.

"Na flashi?" nikauliza.

"Flashi gani?"

Ile niliyokuwa nimeichomeka ubavuni. Nilihifadhi rekodi humo kwa sababu mfumo wa chuo ulinidai nenosiri kila baada ya dakika chache, nami nilichoka. Haikuwa na ulinzi wowote. Fundi hakunigombeza. Alivua miwani tu, akaifuta taratibu, na hilo lilinichoma zaidi.

Humo mlikuwa na saa tatu za sauti ya mzee mmoja Mganda, mkimbizi wa miaka mingi aliyestaafu kazi ya usafi hospitalini, mkazi wa Rågsved, kitongoji cha Stockholm. Siku ya kumrekodi alifunga mapazia kwanza. "Haya ninayokwambia, hata padri hayajui," alisema. Nikamwapia. Nikatia sahihi ahadi ya kumtunzia siri. Katika maandishi nilimpa jina la bandia, lakini sauti haina jina la bandia.

Afisa wa ulinzi wa data alinisikiliza, akajaza fomu, akaniambia lazima nimjulishe mwenyewe. Basi Alhamisi nikapanda treni hadi Rågsved, keki mapajani, nikikariri maneno ya kuomba radhi. Nililala vibaya siku mbili hizo. Niliwaza mzee atalia, au atanifukuza, na vyote viwili nilistahili.

Mkewe alinifungulia. Nikaketi, nikamweleza mzee kila kitu bila kujitetea. Akauliza, "Huyo mwizi, anajua Kiswahili?"

"Sidhani, mzee."

"Sasa atasikilizaje?"

Mkewe akaangua kicheko. "Siri gani hiyo? Ile ya kuvuka mpaka ndani ya lori la ndizi? Binti yangu, huyu ameisimulia kanisani, ameisimulia kwenye harusi, ameisimulia kwa dereva wa basi. Wajukuu wakimwona anakohoa kabla ya kuanza, wanakimbilia chumbani."

Mzee hakumjali. "Na jina langu lilikuwemo?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa makini. Nilikuita Mhojiwa wa Saba."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Habari za wizi alizipokea vizuri. Namba ndiyo iliyomuumiza. "Wa saba?" akasema. "Miaka yote hii nikijificha, halafu nikijitokeza naitwa wa saba?"

Nikamweleza kuhusu kanuni za faragha, maadili ya utafiti na haki zake. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa maelekezo ya dawa ya jirani. Kisha akaniambia nitoe simu nimrekodi upya. Nikamwambia sasa narekodi kwa kifaa cha chuo, chenye nenosiri refu, na akitaka jina lake liandikwe kuna fomu yake. Akasaini fomu hiyo bila kuisoma, kwa herufi kubwa. Safari hii mapazia yalibaki wazi.

Akakohoa, akaanza. Ilikuwa hadithi ileile, ila ilikuwa imekua. Mara ya kwanza alivuka mpaka amelala chini ya ndizi. Sasa alikuwa ameshika usukani, na askari wawili wa kizuizi cha mpakani wakampigia saluti.

"Lori gani hilo uliloendesha wewe?" sauti ya mkewe ikatoka jikoni. "Baiskeli tu ilikushinda!"

Mzee akaniinamia. "Hayo ya jikoni utayafuta," akasema.

Nikamwambia kanuni haziruhusu.