Nilimwambia mwanangu "Dakta atakuhesabu meno tu", akafunga mdomo siku mbili

Wakuu, heshima zenu. Na nyie vijana, marahaba kabla hamjanisalimia, maana humu ndani mnajisahau sana.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, wa huku Manyoni. Akaunti kanifungulia mjukuu. Jana nimesoma uzi wa mama mmoja anauliza amwandaeje mtoto wa miaka minne kwenda kwa daktari wa meno mara ya kwanza. Mmemjibu mengi. Wengine eti "mdanganye tu, mwambie hatamgusa."

Jamani! Nimekosa raha kabisa. Hilo nililifanya mimi, nusura nizike mtoto. Naeleza kama lilivyokuwa, hata lile la ng'ombe nitalisema, wazee waliohusika wote wameshatangulia.

Ni enzi za vijiji vya ujamaa. Tumeshahamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, kuta bado zina unyevu. Mume wangu kibarua wa reli Itigi, anakuja mwisho wa mwezi. Nyumbani tuko watatu: mimi, mwanangu Zaina wa miaka mitano, na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mfugaji hasa. Kwake ng'ombe na watoto hawahesabiwi. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi anakujibu, "Wapo." Basi. Aliamini ukishahesabu kitu, kinaanza kupungua.

Sasa wakaja mabwana wa serikali, kaunda suti na daftari, wanahesabu mifugo nyumba kwa nyumba. Mama mkwe kashasikia mapema, nusu ya ng'ombe kawapeleka porini kwa ndugu yake. Akamkalisha Zaina chini.

"Wakija hao wa daftari, funga mdomo. Hata wakikupa sukari guru, usifungue."

Mtoto alifunga kweli. Waliuliza weee, kimya. Jioni tulimsifu, mimi mwenyewe nikamkaangia yai la peke yake. (Hapo ndipo nilipopanda mbegu, ila sikujua.)

Wiki mbili hazijapita, jino likaanza. Gego la chini. Tukaweka karafuu, tukakanda kwa chumvi ya moto, wapi! Shavu likavimba mpaka jicho likaanza kuziba. Mwili unachemka.

Wakuu, niliogopa. Mwaka mmoja nyuma tulizika mtoto wa jirani, alianza na shavu hivyo hivyo. Nilikuwa nikimtazama Zaina namwona yule.

Mganga wa zahanati akasema kuna dakta wa meno wa serikali anapita hospitali ya misheni kule Kilimatinde, siku moja tu, keshokutwa. Ukimkosa, subiri mpaka apite tena, na hajui ni lini.

Basi nikaanza kumwandaa mtoto. Mimi mwenyewe dakta wa meno sijawahi kumwona maishani, nitaandaa nini? Nikachukua kijiko, nikamkalisha kwenye kigoda. "Sema aaa." Pamoja na maumivu yake alicheka, akaachama mpaka nikaona kidakatonge.

Akaniuliza, "Dakta atafanya nini, mama?"

Neno kung'oa likanishinda kutamka. Nikasema, "Atakuhesabu meno tu, aandike kwenye daftari, turudi nyumbani."

Akafunga mdomo pale pale. Nikadhani amechoka mchezo, nikaenda zangu jikoni.

Uji wa jioni hakunywa. Asubuhi, hata maji. Nikiita haitiki, anatikisa kichwa tu. Nikajaribu kumfungua kwa kidole, kakaza. Nikajua ni pepopunda. Nilizunguka ile nyumba nalia peke yangu, namficha mama mkwe machozi.

Siku yenyewe tukadandia lori la kijiji lililopeleka mahindi, kilima tukamalizia kwa miguu, mtoto mgongoni anachoma kama jiko.

Tunaingia kwa dakta: kijana mmoja mtaratibu, kaunda suti ya kaki. Mezani daftari.

Zaina alipoliona akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Angalau nikajua anaufunga kwa makusudi yake, si pepopunda. Lakini kwa nini hataki?

Nikambembeleza. Nikamtisha. Nikamfinya, Mungu anisamehe. Msaidizi akasema tumshike kwa nguvu. Dakta akakataa.

"Akirusha kichwa nitamjeruhi. Na gari langu linaondoka saa tisa, mama."

Ilikuwa saa nane.

Nikamuuliza, "Tukirudi hivi hivi, atakufa?"

Sikungoja jibu. Nikatoka na mtoto hadi barazani, nikakaa chini, nikalia bila aibu.

Ndipo Zaina akaninong'oneza kwa Kinyaturu, kupitia kwenye vidole vyake: "Mama, mbona mengine hatujayaficha?"

"Mengine nini?"

"Meno. Yote yamo humu. Ng'ombe bibi aliwapeleka porini. Haya atayahesabu, ayachukue."

Nikageuka. Dakta kasimama mlangoni. Kumbe ni Mnyaturu mwenzetu wa huko Ikungi, kasikia kila kitu!

Mtoto mgonjwa mikononi, na mbele yangu mtu wa serikali anajua tumeficha ng'ombe. Niliona jela hii hapa.

Akaingia ndani. Akatoka na lile daftari, akampa Zaina. Akamwambia kwa Kinyaturu, "Lishike wewe. Ukilishika wewe, mimi siwezi kuhesabu kitu."

Kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Mama, mimi mifugo hainihusu. Ila mtoto mwambie ukweli, tena sasa hivi."

Nikapiga magoti mbele ya mwanangu.

"Zaina, nilikudanganya. Hakuja kuhesabu. Atang'oa jino moja, lile bovu. Kuna sindano, na inauma. Mimi nitakushika mkono."

"Moja tu?"

"Moja."

"Tutarudi nalo?"

Nikamtazama dakta. Akasema, "Ni lako, utaondoka nalo."

Akakaa kwenye kiti, daftari kalikumbatia kifuani. Akafungua mdomo.

Alilia, wakuu, alilia hasa. Lakini hakuufunga tena mpaka kazi ikaisha. Usaha uliotoka sitausimulia, kuna wanaokula.

Tukalala hapo hospitali. Siku ya pili yake, shavu limeshaanza kushuka, lori likatushusha kijijini. Mama mkwe yuko mlangoni, macho mekundu. "Wamechukua mangapi?"

Zaina akafungua kiganja, jino limo kwenye karatasi. Kisha akaachama mbele ya bibi yake. "Hesabu."

Mama mkwe, ambaye hata wajukuu hakuwahi kuwahesabu, akainama. Akaanza kugusa kwa kidole, moja, mbili, tatu, hadi kumi na tisa. Akamvuta kifuani.

"Yapo," akasema.

Ndugu zangu, somo langu ni hilo. Mtoto mwambie kitakachotokea, kwa maneno anayoyamudu, na kama kitauma mwambie kitauma. Na kabla hujamaliza, muulize yeye ameelewa nini, maana sisi wenyewe ndio tuliomjaza ya kichwani. Mimi sikumuuliza, nikaenda kupika.

Haya, na nyinyi wa kwenu mliwadanganyaje? Semeni tu, daftari nimelifunga.