Sufuria za Avenyu Mikaratusi

Majirani wa avenyu Mikaratusi walimjua Suzanne, fundi wa kushona inifomu za shule, kuwa mtu asiyekosa la kusema. Siku moja tu karibu akose: siku sufuria yake ya maharagi ilipoondoka motoni.

Maharagi hayo yalikuwa yamechemka tangu adhuhuri, yakatiwa mawese na kitunguu, yakaanza kutoa harufu inayomfanya jirani apite nje mara mbili bila shughuli. Suzanne aliingia ndani kuchukua chumvi. Alipotoka, makaa yalikuwa yanawaka vizuri, mekundu kabisa, na juu yake hakuna kitu. Alizunguka nyumba. Alichungulia hata chini ya mashine ya kushonea, kana kwamba sufuria ya moto inaweza kwenda kupumzika.

Mume wake Vital, anayechimba dhahabu kule machimbo ya Kilo, alimpigia simu jioni ile.

"Mulikula nini leo?"

"Tulikula harufu," Suzanne akajibu.

Hakuwa wa kwanza. Jirani yake Kavira alikuwa ameshapoteza sombe, mboga ya majani ya muhogo, na nyumba ya pembeni ilipoteza wali pamoja na kifuniko. Mwizi huyo hakugusa redio wala nguo. Chakula kibichi nacho alikidharau. Alitaka kilichoiva, tena chenye chumvi ya kutosha.

Basi ukaja mkutano. Komanda mpya wa polisi wa kartie, mtaa wao wa mjini Bunia, mtu mpole mwenye tumbo, jina lake Sébastien, alitangaza kwamba wananchi wenyewe waseme ni uhalifu gani polisi waushughulikie kwanza. Askari ni wachache na piki-piki yao ni moja, kwa hiyo wachague mambo matatu tu. Watu wakajaa katika darasa la shule ya msingi, wazee na matumbo yao wakibanwa na madawati ya watoto. Shefu wa kartie, Christian, akashika chaki.

Neno la kwanza halikuwa na ubishi: wezi wenye bunduki. Likaandikwa, wala hapo hakuna aliyecheka. La pili likawa piki-piki zinazonyang'anywa. Kwa la tatu mtu mmoja akataja kelele za nganda, zile baa za pombe na muziki, na Christian akaandika. Suzanne akasimama.

"Komanda, bunduki iwe ya kwanza, hata miye naiogopa. Lakini ya tatu iwe sufuria. Siye bamama tunaibiwa chakula ku moto, jua ingali inawaka!"

Darasa zima likapasuka kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Orly, muuzaji wa vocha za simu na mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye shati lake halijawahi kuonekana na mkunjo.

"Sasa askari bakuye kulinda maharagi!" akasema huku akipiga dawati.

Komanda akajifuta machozi. "Mama, ile ni vitu vidogo-vidogo. Mutamaliza benyewe kule ku avenyu."

Suzanne akakaa. Majirani wangemtazama vizuri, wangejua kuna jambo. Alimwinamia Kavira, ambaye ndiye angefunga mkutano kwa sala, akamnong'oneza, "Leo uombe muda murefu. Bunia iko na shida mingi."

Kavira, mtu wa kanisa, hakuuliza kwa nini. Aliombea kartie, akaombea miji ya Djugu na Fataki, akaombea mvua, akaombea wagonjwa kwa majina. Macho yote yalikuwa yamefumbwa. Ya Suzanne hayakufumbwa. Mikono iliyozoea kupitisha uzi gizani haikupata taabu na kofia ya komanda iliyokuwa mezani, wala miwani ya shefu iliyokuwa kando ya chaki. Orly, ambaye viatu vyake vipya vilimbana, alikuwa amevivua chini ya dawati. Kimoja kikaondoka.

"Amina," watu wakasema.

Komanda akapapasa meza. Shefu akapapasa mfuko. Orly akainama, akainuka, akainama tena.

"Fungeni mulango!" komanda akanguruma. "Hakuna mutu kutoka! Kofia yangu iko wapi?"

Suzanne akainua mkono kama mwanafunzi. "Komanda, ile ni vitu vidogo-vidogo. Mutamaliza benyewe."

Kicheko kikaanza nyuma kwa akina mama, kikaja mbele kama maji ya mto Nyamukau yanapojaa. Suzanne akavitoa vitu kimoja kimoja kwenye mfuko wake wa vitambaa. Shefu, miwani usoni, alifuta kelele za nganda ubaoni akaandika SUFURIA. Mwenye nganda ndiye aliyepiga makofi zaidi.

Lakini komanda hakucheka. Alimwamuru Suzanne amfuate ofisini. Kuiba kofia ya polisi si mchezo, na yeye alilijua hilo vizuri sasa kuliko dakika ile ya sala. Alikalishwa kwenye benchi hadi jasho likamkauka. Mwishowe komanda akavuta kiti.

"Ukirudia, nitakufunga. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa Komanda."

"Haya. Sasa niambie, ile sufuria inapoteaka saa gani?"

Siku chache baadaye askari wawili, Jemima na Espoir, wakaja avenyu bila inifomu. Jemima alikaa kwa Kavira akijifanya anasukwa nywele. Espoir alijificha nyuma ya ua wa matete. Suzanne akachinja jogoo, akampika kwa tangawizi na nyanya, akampepea makusudi ili harufu iende mbali. Kisha akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Kavira! Naingia kutafuta chumvi!"

Hakukaa sana ndani. Alisikia Jemima akipiga kelele, akatoka mbio. Pale kwenye matete, ameshikwa kola na Espoir, alisimama Orly katika shati lake lililonyooka, sufuria mikononi, na vitambaa viwili safi vya kuzuia moto.

Habari ilifika barabarani kabla ya mtu kuipeleka. Vijana wakaja na mawe. Mmoja akadai petroli. Askari walikuwa wawili tu, na Suzanne, aliyengoja siku hii kwa hamu, aliona uso wa Orly ukigeuka rangi ya majivu. Hamu ikamtoka yote. Akajitupa mbele.

"Mutu asimupige!" akapaza sauti. "Mukimupiga, atamwaga kuku yangu! Orly, weka sufuria chini. Polepole. Na mchuzi usimwagike!"

Orly akapiga magoti, akaiweka chini kwa adabu kama sadaka. Mtu akacheka, wa pili akacheka, na jiwe la kwanza likaanguka lenyewe.

"Lakini weye, kwa nini?" Kavira akamwuliza.

"Clarisse alirudi kwao Fataki," Orly akasema, macho chini. Clarisse ni mke wake. "Miye sijui kupika hata chai."

"Si ungeomba?"

"Nani atamupa chakula mutu wa viatu kama hivi?"

Suzanne alitaka kucheka, akashindwa.

Nyumbani kwa Orly zilikutwa sufuria zote, zimesuguliwa hadi zinang'aa kuliko zilivyoibiwa. Alilala mahabusu, akaomba radhi mbele ya shefu, na waliokula hasara wakakubaliana na adhabu ya Suzanne: kila Jumamosi Orly awapikie, nje, hadharani, watu wakitazama.

Bugari wake wa kwanza, yaani ugali, ulikuwa na mabonge ambayo Kavira alisema yangeweza kujengea msingi wa nyumba. Wa pili ulikuwa maji. Suzanne alisimama kando yake na mwiko, akimtukana kwa upendo. Piki-piki ya polisi ilikuwa mara kwa mara bila mafuta, na bunduki hazikwisha usiku; juu ya hizo Suzanne hakufanya mzaha, aliwaendea komanda na shefu kila mkutano hadi wakaanza kumkwepa. Lakini jioni sufuria zilikaa motoni hadi zikaiva.

Msimu wa mvua ulipokwisha, Clarisse alishuka kwenye lori la viazi kutoka Fataki, akamkuta mume wake amefunga kitenge kiunoni, anageuza sombe. Hakusalimu. Alichukua kijiko, akaonja, akaonja tena. Kisha akavuta kiti, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Safari imenichokesha," akasema. "Endelea tu."