Koki ya Bernadine

Bernadine Wojtak hakuzaliwa kipofu. Alipokea simu kwenye kiwanda cha ngozi hapa Milwaukee, kaskazini mwa Marekani, kwa miaka ishirini na sita, na macho yalipomwacha akiwa na miaka hamsini na tatu, alilia mwezi mzima, kisha akaanza kujifunza nyumba yake upya kwa vidole na masikio. Hakumwomba mtu ruhusa.

Januari hii baridi iligandisha maji, ikapasua bomba kwenye chumba cha chini. Bernadine alisikia maji, akashuka, akafunga koki, akampigia fundi simu. Kesho yake kaka yake Casimir alikuja, akaona zulia limelowa, akarudi jioni na fomu za makao ya wazee.

"Berni, ulibahatika tu," alisema. "Siku nyingine tutakukuta unaelea. Tia saini."

"Bahati?"

"Sasa niite nini?"

"Nipe mpaka Pasaka."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini Casimir ni mtu wa kukuhesabia hata kunguni wa kitanda chako. Kubishana naye ni kutwanga maji kwenye kinu. Bernadine hakubishana. Alikaa kwenye kompyuta.

Michezo ya maandishi aliizoea siku nyingi: haina picha, kompyuta inakusomea kwa sauti mahali ulipo, unaandika unachotaka kufanya, nayo inakusomea kilichotokea. Sasa akataka kutunga wake. Alipakua maktaba ya msimbo, yaani programu ambayo wengine wameshaiandika na kuigawa bure: vyumba, milango, ngazi na amri za mchezaji zimo tayari. Kazi yake ilikuwa kuingiza nyumba yake humo, na lile bomba. Amri ya kwanza aliyoikuta ni "tazama", ya kumwonyesha mchezaji vilivyomo chumbani. Akaifuta.

Watunzi wenzake mtandaoni walimwonya. "Mama, bila amri hiyo hakuna mchezaji atakayevumilia."

"Mimi nimevumilia miaka kumi na moja," akawajibu, akaendelea na kazi.

Siku ya Pasaka, baada ya soseji na kabichi chachu, alimketisha Casimir mbele ya kompyuta, na fomu mezani.

"Bomba limepasuka. Ukifunga koki kabla maji hayajafika kwenye tanuru la kupashia nyumba joto, nasaini hapa hapa. Ukishindwa, ondoka na karatasi zako."

"Nimekulia nyumba hii, Berni. Utasaini kabla kahawa haijapoa."

Kompyuta ikasoma: "Uko jikoni. Maji yanamwagika mahali fulani." Casimir akaandika "tazama". Kompyuta ikajibu kwamba haijui amri hiyo. Akaandika tena, kwa herufi kubwa, kana kwamba kompyuta ni kiziwi.

"Mchezo wako mbovu."

"Mzima kabisa. Una masikio, una mikono, una pua. Vitumie."

Akaandika "kimbia". Akajikwaa kwenye kiti, maji yakapanda. Akaenda kushoto, akaingia kabatini kati ya makoti. Mara ya pili alizifikia ngazi, asishike ukuta, akaanguka; mchezo ukamrudisha jikoni, maji yakizidi kupanda. Mara ya tatu ndipo alipokumbuka kuandika "sikiliza", na kweli akafika chini, lakini ukuta wenye koki hakuujua, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akiwasha taa na kuiona. Alipapasa ukuta huu, akapapasa ule. Jasho lilimtoka. Bernadine alikunywa kahawa yake akisikiliza vidole vya kaka yake vikigonga herufi ovyo, na sitaficha, alifurahi.

"Maji yamefika kwenye tanuru," ikasoma kompyuta. "Moto umezimika."

Casimir aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Wewe Januari uliifikia koki kwa hatua ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne. Na maji yalikuwa ya barafu."

"Sasa mimi humu mchezoni niko wapi?"

"Nyumbani kwangu, kaka," alisema Bernadine, akimsogezea fomu zake. "Nikushike mkono nikutoe?"