Namba kubwa ya prosesa ilivyoniangusha mbele ya mtani wangu, Nyarugusu

Wakuu, salamu kutoka Nyarugusu. Vijana, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjaandika.

Hili limenikuta mwenyewe, na mashahidi ni kikundi kizima cha wachimbaji.

Mimi ni darasa la nne. Kompyuta nimejifunza kwa kubonyeza na kuharibu. Leo nachora ramani za maduara, yale mashimo ya dhahabu, na ofisi ni yangu mpaka bati. Hilo mlijue kwanza.

Kampuni moja ya upimaji ilikuwa inauza workstation zake za zamani, kompyuta za kazi nzito, kule Isaka. Nikaenda na Baba Masanja, mtani wangu Mnyamwezi. Zilibaki mbili. Mimi ndiye mkubwa, nikachagua kwanza.

Moja prosesa yake 3.6 GHz, nyingine 2.66. Hapo kuna cha kuuliza? Nikabeba 3.6, mtani akachukua iliyobaki.

Tangu siku hiyo nikawa namwita Mbili Nukta. Mpaka mke wake akazoea.

Basi kikundi kikataka ramani ya maduara yao yote, ya kuambatanisha na maombi ya leseni, mwisho Ijumaa. Kazi moja, tunaitaka wawili. Mtani ni mgeni kwenye ramani, ila hana aibu.

Mwenyekiti wao, Mama Kulwa, akasema tutapimwa kama karasha, mashine za kusaga mawe. Mawe ya kiroba kimoja, nusu huku nusu kule, mwenye karasha hagusi. Kwa hiyo faili moja la vipimo, kila mashine ilichakate, meza moja, sisi mikono nyuma.

Akabonyeza zote. Yangu ikaunguruma, feni ikapeperusha karatasi. Watu wakasema hii ndiyo mashine. Nikavimba.

Dakika kumi na moja, ya mtani imemaliza. Yangu haijafika nusu.

Nikasingizia umeme.

"Baba Shija, waya ni huohuo," Mama Kulwa akanijibu.

Mtani akanisogelea. "Mzee, Mbili Nukta anauliza, anywe chai kwanza au akusubiri?"

Walicheka wote. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Baadaye nimeuliza mafundi, nimeelewa. GHz ni idadi ya mapigo ya nyundo kwa sekunde, haisemi kila pigo linavunja jiwe kiasi gani. Yangu inagonga haraka, inatoa changarawe. Yake ni ya kizazi cha baadaye, inagonga taratibu inapasua mwamba. Tena ndani yake kuna core nne, yaani wagonga nyundo wanne, yangu mmoja.

Kazi akapewa mtani. Nikawa natafuta kofia yangu niondoke, akasimama.

"Mashine ni yangu, lakini mipaka ya maduara anaijua huyu. Nipeni na yeye."

Tukachora pamoja. Alhamisi mchana ramani ikawa mezani kwa Mama Kulwa, akaikunja bila kusahihisha kitu. Kwa mama yule, hizo ni pongezi.

Funzo: prosesa za zamani zipeni kazi ileile mziangalie zinavyoifanya.

Wenye workstation za miaka hiyo, niambieni zenu zinatumia dakika ngapi. Anayebisha aje na mashine, asije na namba.