Boti Iliyoingia Msibani Kinyumenyume

Hapa Kapalamsenga, kijijini kwetu kando ya ziwa, kuna watu ambao wakiniona sokoni hugeuka na kutembea kinyumenyume hatua tatu nne, halafu wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao maana ukinuna ndiyo unawapa chakula, lakini nikifika nyumbani na kufunga mlango sicheki hata kidogo. Nimefanya mambo ya aibu maishani (niliwahi kuanguka mbele ya askofu nikiwa na sahani ya wali), ila hili la boti ni kubwa kuliko yote, na nalisimulia mwenyewe kwa sababu wanaolisimulia mitaani wameongeza chumvi mpaka limekuwa chungu zaidi.

Kwanza mjue kuwa huku ziwani boti ikishaandikwa jina, jina hilo linamhamia mwenye boti. Kuna bwana aliandika NITAOA KESHO akiwa kijana, ameshaoa, ana watoto wanne, na bado ni Nitaoa Kesho, hata mkewe anamwita hivyo akikasirika. Kuna TUTAFIKA, ambayo kila wiki tunaivuta kwa kamba. Kuna MAMA MKWE NAYE, ya mzee mmoja mpole sana ambaye mpaka leo hajaeleza mtu kulikoni.

Yangu ilikuwa MLIDHANI TUTAKUFA. Rangi nyekundu juu ya nyeupe, pande zote mbili za pua ya boti, herufi kubwa kiasi kwamba ukiwa nchi kavu unazisoma boti ikiwa bado mbali. Na mimi nikawa Mlidhani. "Mlidhani, dagaa wapo leo?" "Mlidhani, shikamoo." Nilikuwa nafurahi, sitadanganya.

Jina lile lilikuwa ujumbe kwa mtu mmoja, baba yangu mdogo. Baba alitangulia, mama akamfuata, na kwenye matanga ya mama wazee wa ukoo wakakaa kutugawa kama vyombo. Nilikuwa darasa la sita, mkubwa wa watoto watano, nimejibanza nyuma ya jiko nasikiliza. Nikasema wadogo zangu hawagawanywi, nitawalea. Baba mdogo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia mvua, "Ukiwaacha na huyu msichana watakufa wote." Akamchukua Oliva, kitinda mimba wetu, aliyekuwa anatambaa, yeye na mkewe wakaondoka naye kwenda kijiji cha upande wa baba, kusini kidogo, mwendo wa saa moja na nusu kwa injini. Sisi wanne tukabaki. Shule nikaiacha, nikaanika dagaa wa watu miaka mingi, kisha wangu, mpaka nikapata boti, na fundi wa rangi aliponiuliza jina sikufikiri hata dakika moja.

Na kila nilipopita mbele ya kijiji kile nilikuwa nasogea karibu na ufuko makusudi, ili asome.

Sasa, masika haya, asubuhi moja simu ikaita. Alikuwa mama mdogo, mke wa baba mdogo.

"Mwanangu, mzee ametutoka. Hospitali, huko Mpanda."

Nikasema pole, mama. Sikujua niongeze nini.

"Barabara ya huku imekatika mtoni, gari la maiti litaishia hapo kwenu. Nakuomba wewe utuletee mzee. Na jambo lingine. Tukimaliza msiba, Oliva aondoke na wewe. Mimi peke yangu sitamuweza, na nyie ndio ndugu zake."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Miaka kumi na minne nilikuwa nataka kitu kimoja tu, Oliva arudi tuwe watano, na kila sikukuu mdogo wetu mmoja alikuwa anauliza tumwekee sahani au tusimwekee. Nikasema nitakuja, mama, nitamleta mzee.

Ndipo Pasko, kijana wangu wa injini, akakuna kichwa. "Dada, na hiyo hapo mbele?"

"Ipi?"

"Hiyo Mlidhani Tutakufa. Tunampelekea mtu msiba, dada. Tuipake rangi."

Rangi nyeupe ilikuwepo, nusu kopo, chini ya kitanda changu. Nikamwambia imekwisha. Nilijiambia ingechelewa kukauka, nikajiambia gari linakaribia, lakini ukweli ni kwamba nilionea uchungu kulifuta, maana lile jina ndilo lilikuwa cheti changu cha kumaliza shule. Nikasema, "Tutafunika kwa shuka." Uamuzi mdogo tu huo, wa mtu mwenye haraka.

Tukafunga shuka mbili nyeupe, moja kila upande, kwa kamba na misumari midogo. Wazee wawili wa ukoo waliokuja na jeneza walipoiona, mmoja akanishika mkono, "Umeipamba vizuri, binti. Umemheshimu baba yako." (Ningekuwa na akili ningeungama palepale.) Nikasema asante, mzee.

Tukaondoka. Ziwa halikuwa baya, ila lilikuwa na mawimbi mafupi yale yanayorusha maji puani mwa boti, na tulipofika nusu ya safari niliinama kuangalia kamba. Shuka zilikuwa zimelowa chapachapa na kung'ang'ania mbao, na zile herufi nyekundu zilikuwa zinaonekana kupitia kitambaa cheupe vizuri kuliko siku nyingine zote. Mtu angesema tumeziwekea fremu.

Nikarudi nyuma kwa Pasko nikamnong'oneza, "Tukikaribia, geuza. Tuingie kwa nyuma."

"Kwa nyuma na jeneza?"

"Jina liko mbele. Watu watatazama nyuma."

"Dada, boti haiingii kwa nyuma. Propela itagonga mchanga."

"Pasko, geuza!"

Mwaloni, pale kijijini kwao boti zinapotia nanga, watu walikuwa wamejaa. Kwaya nzima ya vitenge vya bluu, katekista mbele yao, wanawake wameketi chini, na Oliva nilimwona mstari wa kwanza, mrefu, shingo ya mama kabisa. Pasko akageuza. Nikaona watu wanatazamana. Wimbo ukalegea kidogo, kisha ukaendelea. Tukawa tunaingia taratibu, sisi tumewapa mgongo, na mmoja wa wazee kwenye boti akauliza, "Kwani hivi ndivyo mnavyoingiaga?" nikamwambia ndiyo, mzee, kuna mawe.

Shuka ya upande wa kulia ilikuwa imeshang'oka misumari bila mimi kujua. Ikateleza majini, ikaburutwa chini ya boti, ikaingia kwenye propela. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Boti isiyo na injini mbele ya mawimbi inafanya inavyotaka, na yetu ilitaka kukaa ubavu. Wimbi la kwanza likatuzungusha, la pili likaingia ndani, jeneza likateleza upande wa ziwani na wazee wote wawili wakaliangukia, boti ikalalia upande ule na upande wa nchi kavu ukanyanyuka juu, wazi, ule uliokosa shuka.

Kwaya ikakatika katikati ya neno.

Halafu bibi mmoja mwenye macho mabovu akauliza, "Imeandikwaje hapo?" Na yule katekista, mzee asiyesikia vizuri, ambaye husoma kila kitu kwa sauti ya matangazo ya kanisani, akanyoosha shingo akasoma:

"MLIDHANI. TUTAKUFA."

"Nani hao?" bibi akauliza tena.

"Haikuandikwa nani!"

Kuna mtu akacheka, nadhani bila kupenda, kisha mwanamke mwingine akapiga yowe, "Jamani wamekuja kutusimanga na maiti!" na vijana wakaingia majini kutupokea, wengine wakilishika jeneza, wengine wakinitazama usoni kana kwamba mimi ndiye niliyemuua. Jeneza likatoka linachuruzika maji. Mimi nilitoka maji kiunoni, kiatu kimoja, nikampigia mama mdogo magoti palepale kwenye matope.

"Mama, nisamehe jina."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru. Alisema, "Jina nalijua. Tangu siku ya kwanza tunalijua. Mzee alikuwa akikaa hapa, boti yako ikipita anatuita, 'Njooni muone, watoto wa kaka bado wazima.' Nilikupigia nikijua unakuja na jina hilo. Ungekuja mbele, kama watu, wangelisoma na mambo yangeisha. Umemleta mume wangu kinyumenyume, umejifunika shuka kama mwizi, umemlowesha."

Wakamzika. Nilishika koleo pamoja na wengine, na kila niliposogea mtu alinipisha nafasi kubwa kuliko inavyohitajika.

Baada ya mazishi nilimfuata Oliva nyuma ya nyumba, alikuwa anakamua kitenge chake. Nikamwambia mama mdogo alisema tuondoke wote, wenzako wamebaki nyumbani wanakusubiri, tumekuandalia kitanda.

Hakuinua macho. "Dada, hao waliodhani, walioandikwa kwenye boti, na mimi nimo?"

"Hapana. Wewe ni wetu."

"Mimi nilikuwa huku. Nilikuwa nakula huku. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Ukiandika nyie na sisi, mimi niko wapi?"

Miaka yote ile nilipokuwa nasogea karibu ili mtu mmoja asome, nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba pale ufukweni kulikuwa na mtoto anajifunza kusoma.

"Siipandi ile boti," akasema, na akaingia ndani.

Tulirudi mimi na Pasko, tukipokezana kasia mpaka alipofanikiwa kuitoa shuka kwenye propela. Hakuniambia "nilikwambia". Alisema tu, "Dada, kaa, usisimame," kama anaongea na mgonjwa.

Nimeikwangua boti mpaka mbao. Sasa haina jina, na wasimamizi wa mwalo wetu wananifuata kila mara, andika kitu, dada, andika hata tarehe. Siandiki. Nimeapa sitaweka tena kwenye mbao neno ambalo ningeweza kwenda kumwambia mtu uso kwa uso, akanijibu, tukagombana, yakaisha. Baba mdogo aliishi saa moja na nusu kutoka kwangu. Nilipita mbele yake mara nyingi mno na sikushuka hata mara moja.

Siku hizi napita mbali na ufuko ule. Juzi Pasko aliuliza kama tusogee kidogo, alikuwa amemwona Oliva anafua. Nikamwambia nenda tu. Kisha nikamwambia simama. Nikashuka, nikatembea majini mpaka alipokuwa, nikamsalimia. Aliitikia. Hakuacha kufua, na sikumuuliza chochote.