Bangili ya Mkono wa Kushoto

Juzi pale Kahama nilimwona mtoto akilia mlangoni kwa sonara, nikajikuta nimeushika mkono wangu wa kushoto.

Nilikuwa mdogo siku mama aliponitoa Samuye kunipeleka Shinyanga mjini, kwa sonara wa Kihindi aliyefanya kazi na mama yake mzazi. Nyuki walikuwa wameniuma, mkono ukavimba hadi bangili yangu ya fedha ikazama nyamani. Duka lilinuka mkaa na ndimu.

Sonara aliugeuza mkono wangu taratibu, akaguna. "Mama Kabula, hapa ni kukata tu. Unakubali?"

Machozi yalimlengalenga mama. "Kata, baba."

Nyumbani tulisema Kisukuma, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno "kata" nililijua vizuri. Mama yangu mwenyewe alikuwa ameutoa mkono wangu ukatwe!

Nilipiga mayowe hadi wapita njia wakachungulia. Yule bibi, mama wa sonara, alinipakata, akanifunika uso kwa mtandio wake wenye harufu ya iliki. Nikasikia msumeno mdogo ukikereza, nikajikojolea.

"Haya, mjukuu wangu, tazama," alisema bibi.

Vidole vyote vitano vilikuwepo. Nilicheka, lakini mama alizidi kulia, akiwa ameshika vipande viwili vya fedha. Nilikuwa mtu mzima aliponieleza kwamba mama yake, marehemu, hakumwachia kitu kingine ila bangili ile.